Mafiga Matatu ya Baraka: Chakula cha Siku za Baridi

Mtu atokaye Uvira na kushika njia ya kusini, ziwa Tanganyika likiwa mkono wake wa kushoto na milima mkono wa kuume, hupita Makobola na Mboko, na baada ya mwendo wa kilometa zipatazo 90 huingia Baraka. Mji huu umekaa kando ya ghuba. Ng'ambo yake rasi ya Ubwari imenyoosha kidole kuelekea kaskazini, nayo huikinga ghuba na mawimbi makubwa ya ziwa. Mwingereza Richard Burton, aliyefika pande hizi pamoja na mwenzake Speke mwaka 1858, aliidhani rasi ile kuwa kisiwa. Hata hivyo ramani zimemkumbuka, na mpaka leo ghuba yaitwa Ghuba ya Burton. Nyuma ya mji vilima vyapanda kuelekea Fizi, na nyuma ya Fizi iko milima ya Itombwe, ambayo vilele vyake vingine vyapita meta 3,000.

Lakini safari yetu ya leo si ya kutafuta vilele wala makaburi ya zamani. Twataka kuwaongoza wasomaji wetu mpaka jikoni, tukaone chungu kinachopikwa Baraka siku za baridi.

Katika nchi za Ulaya, miezi ya Septemba na Oktoba majani ya miti hugeuka rangi na kuanguka, na jua huzama mapema. Watu hufunga madirisha, nao akina mama hutoa sufuria kubwa na kupika supu ya maboga, viazi na nyama iliyokaa motoni muda mrefu. Sisi hatuna majira kama hayo, lakini tunayo yetu. Kwetu baridi huja na kiangazi. Toka Juni mvua hukoma, mbingu hujaa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na upepo wa kusi huvuma juu ya ziwa. Mchana jua lingali kali, ila usiku na alfajiri watoto hujikunja chini ya vikwembe vya mama zao. Mgeni kutoka Ulaya aweza kucheka akisikia hiyo ikiitwa baridi. Na amwulize mvuvi atokaye majini saa kumi na moja alfajiri, nguo zikiwa zimelowa na vidole havishiki kamba! Huyo atamwambia kama kuna baridi Baraka au hakuna.

Wazee walisema: figa moja haliinjiki chungu. Tulipotazama vema chakula cha siku hizi za baridi, tuliona kwamba chungu cha Baraka chasimama juu ya mafiga matatu, yaani ziwa, bonde na mlima. Likiondoka moja, chungu chapinduka.

FIGA LA KWANZA: ZIWA

Chakula cha kwanza ambacho moyo wa mtu wa Baraka hukitamani wakati wa baridi ni ndagala. Ni samaki wadogo kama kidole, weupe wenye kung'aa, ambao ng'ambo ya pili, Kigoma, huitwa dagaa. Pamoja nao wako mikeke, ambao watu wa Kigoma huwaita migebuka, na sangala mwenye kichwa kikubwa kifaacho kwa supu.

Ndagala huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, ndagala huifuata nuru, na wavu huinuliwa kutoka chini. Hapo kale palikuwa na moto wa kuni tu mbele ya mtumbwi. Kisha zikaja karabai. Siku hizi taa ni za betri na za nguvu ya jua. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi, na ndagala hawakusanyiki. Basi wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu zao.

Asubuhi samaki hutandazwa wakauke. Hapa ndipo kiangazi kinapokuwa rafiki wa maskini. Wakati wa masika, mvua ya ghafula yaweza kuharibu kazi ya usiku mzima, na samaki huoza. Wakati wa kiangazi jua na upepo huwakausha vema, nao huweza kuwekwa akiba na kupelekwa mbali.

Tena upepo ule ule unaotukimbiza mekoni unayo kazi nyingine tusiyoiona. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670, na kina chake chafika meta 1,470; duniani lapitwa kwa kina na ziwa Baikal peke yake. Rutuba nyingi imezama huko chini, mahali ambapo samaki hawawezi kuishi kwa sababu hapana hewa. Toka Mei hadi Septemba kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule mwisho wa kusini maji ya chini, yenye baridi na rutuba, hupanda kushika nafasi yake. Maji yote ya ziwa hutikiswa polepole, hata yale ya pande zetu. Ndipo vijimea na vijidudu visivyoonekana kwa macho hustawi; ndagala hula vijidudu hivyo, mikeke hula ndagala, na sisi twala wote wawili. Kwa hiyo twaweza kusema bila kukosea kwamba mpishi wa kwanza wa Baraka ni upepo wa baridi. Yeye hutuletea njaa ya chakula cha moto, na yeye huyo hukitafuta chakula chenyewe.

FIGA LA PILI: BONDE

Baina ya maji na milima, kando ya mto Mutambala na mito mingine ishukayo ziwani, yako mashamba ya muhogo, na juu ya mashamba yameinuka michikichi. Hapo hutoka ugali, sombe na mafuta ya mawese.

Muhogo si mwenyeji wa Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno pwani ya magharibi yapata karne nne zilizopita, kisha ukatembea kutoka kijiji mpaka kijiji hata ukafika kwetu. Mgeni huyu amepokewa vema hata leo ameonekana kuwa mwenye nyumba. Lakini ni mgeni mwenye siri, na mama mwenye akili huijua siri yake: muhogo, hasa ule mchungu, una sumu katika mizizi na katika majani.

Kwa sababu hiyo mizizi huloweshwa majini siku tatu au nne mpaka ilainike. Ndipo humenywa, huanikwa juani, hutwangwa na kuchungwa. Unga wa kiangazi ni mweupe na hauna harufu, maana jua limeukausha upesi. Ule wa masika mara nyingi hushikwa na kuvu. Unga huo hutupwa katika maji yanayochemka, mwiko hugeuza kwa nguvu, na bukari huinuka, laini, yenye kuvutika, ikitoa mvuke mbele ya watoto.

Mwenzake bukari ni sombe. Kwa faida ya wasichana wanaosoma mbali na mama zao, tutaeleza namna ya kuipika.

Chuma majani machanga ya ncha za muhogo, yaondolee vikonyo, yaoshe. Yatwange katika kinu mpaka yalainike kabisa, yasibaki mapande. Wengine hutwanga pamoja nayo kitunguu na pilipili mbichi. Yatie katika chungu chenye maji mengi, uchemshe bila kufunika, saa moja au zaidi. Usiharakishe wala usiweke kifuniko mapema, kwa maana kinu huifungua sumu iliyo ndani ya majani, na moto huifukuza pamoja na mvuke. Maji yakipungua, tia mafuta ya mawese, kisha ndagala wakavu uliowaosha vizuri kuondoa mchanga. Kama ndagala hawapo, karanga zilizotwangwa zafaa sana. Punguza moto, uache chungu kisemezane chenyewe kwa upole. Mafuta mekundu yakielea juu, onja chumvi, kisha ita watoto.

Mtu aweza kuuliza: mbona kazi yote hii kwa ajili ya majani? Tunamjibu kwamba kazi hiyo ndiyo chakula chenyewe. Kuna ugonjwa uitwao konzo. Mtu huamka akiwa mzima, na ghafula miguu yake hukakamaa. Hatatembea tena kama zamani, maana ugonjwa huo hauponi. Jina lake latoka Kwango, magharibi ya Kongo, ambako daktari Trolli aliueleza mwaka 1938. Siku za vita na njaa ulionekana hata huku Kivu ya Kusini. Huwapata hasa watoto na akina mama katika mahali ambapo watu, kwa kufukuzwa na njaa, wamefupisha siku za kulowesha muhogo, tena hawana kitu kingine cha kula nao. Wataalamu wameonyesha kwamba mwili huishinda sumu ile kwa msaada wa vyakula vya kujenga, kama vile samaki na maharagi. Tazameni basi namna figa moja linavyolitegemea lingine. Ndagala katika sombe si kitu cha utamu tu. Ni ngao ya miguu ya watoto.

Neno moja zaidi juu ya moto. Baraka, Fizi na Uvira zimo katika sehemu ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara. Chakula kilichopikwa vema na kuliwa kingali moto, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, hakimwogopi adui huyo. Lakini sombe ya jana ikiliwa baridi, bila kurudishwa motoni mpaka ichemke, yaweza kugeuza furaha ya nyumba kuwa msiba.

FIGA LA TATU: MLIMA

Tupande sasa milimani. Kadiri njia inavyopanda, michikichi hubaki chini, muhogo hupungua, na upepo huuma. Kule juu katika nyanda za Itombwe na Minembwe, usiku wa Julai si mchezo. Watu huota moto toka jua linapotua, na chakula chao hufuata baridi yao: maharagi yaliyochemka jioni nzima, viazi, mahindi ya kuchoma, na maziwa. Kwa maana ile ni nchi ya ng'ombe na malisho.

Wenyeji wa bonde na wa mlima, Wabembe, Wafuliru, Wanyindu na Wanyamulenge, kila mmoja anacho asichonacho mwenzake. Mlima hauna samaki wala mawese. Ziwa halina maziwa, na maharagi yake ni machache. Basi kwa miaka mingi watu walikutana sokoni. Aliyetoka juu alishusha gunia la maharagi, akarudi na ndagala wakavu na chupa ya mawese. Hivyo katika baridi kali ya mlima palinukia ziwa, na katika nyumba ya mvuvi mtoto alikunywa maziwa ya mlima.

Maharagi hayo yakipikwa Baraka hupata namna yake. Huchemshwa mpaka yapasuke, ndipo hukaangwa kidogo kwa mawese na kitunguu, na mara nyingi hupikwa pamoja na ndizi mbichi. Ni chakula cha jioni ya mvua, wakati wa Oktoba au Novemba, ngurumo zikisikika upande wa Ubwari na wavuvi wakiwa wamekaa nyumbani. Kwa gharama ndogo hushibisha watu wengi.

CHUNGU KILICHOVUKA ZIWA

Hatuwezi kusema habari za chakula cha Baraka bila kusema habari za kukikosa. Nchi ya Fizi imeona vita vya 1964 na 1965, kisha vile vya 1996 na 1998. Watu kwa maelfu walivuka ziwa katika mitumbwi usiku, wakafika Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na wengi waliokaa humo wametoka Fizi. Mgao wa kambi ulikuwa unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta na chumvi. Shukrani kwa waliotoa, kwani uliokoa maisha. Lakini moyo wa mtu hauishi kwa mgao tu. Mtu wa ziwani aliyekaa mbali na maji, hasikii harufu ya ndagala asubuhi, alijua kwamba yuko ugenini kila alipoketi kula.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha watu kutoka Kigoma mpaka Baraka. Waliorudi walikuta nyumba zimeanguka na mashamba yamekuwa msitu. Lakini muhogo wapandwa kwa kijiti, na kijiti huombwa kwa jirani. Majani ya kwanza yalipochipuka, sombe ilirudi katika chungu. Na sombe ikirudi, mtu huanza kusema, nimefika kwetu.

Wengine hawakurudi. Wamepelekwa mbali zaidi, hata Marekani, ambako majani huanguka kweli na theluji hufuata nyuma yake. Huko hununua sombe iliyotwangwa na kugandishwa kwa barafu katika maduka ya vyakula vya Kiafrika, na ndagala wakavu waliosafiri kuliko wao wenyewe. Ndivyo ilivyo kwamba jioni moja ya Oktoba, katika mji wa baridi usioliona ziwa Tanganyika, chungu kimoja chaweza kunuka kama Baraka. Watoto waliozaliwa kule huuliza, mama, kwenu ni wapi? Naye mama hujibu kwa kuwapakulia.

MAFIGA YASIANGUKE

Leo mafiga yote matatu yanatikisika, nasi tungekuwa wasafiri wasio waaminifu kama tungeficha jambo hilo.

Ziwa lapata joto. Mwaka 2003 wataalamu waliandika katika jarida la Nature kwamba maji yake ya juu yamezidi kuwa na joto, na upepo hauwezi tena kuyachanganya na yale ya chini kama zamani. Kwa sababu hiyo, walisema, chakula cha samaki kilikuwa kimepungua kwa kadiri ya asilimia 20, na huenda samaki wenyewe kwa kadiri ya asilimia 30. Tena wavuvi wameongezeka, na nyavu zenye matundu madogo mno huchukua hata watoto wa samaki. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zimeona haja ya kulipumzisha. Kwa mfano, Tanzania ilifunga uvuvi upande wake toka Mei 15 hadi Agosti 15, mwaka 2024. Angalieni miezi hiyo: ni miezi ya baridi, ndiyo ile ambayo watu hutamani ndagala kuliko wakati wowote. Ni dawa chungu, na anayeinywa kwanza ni mvuvi maskini. Serikali zikifunga ziwa, na zimkumbuke mtu huyu atakula nini. Hata hivyo samaki asiyeachwa kuzaa leo hataonekana katika chungu cha wajukuu. Mama mwenye busara huweka akiba ya ndagala wakavu mapema, na akiba ikiisha hutia karanga katika sombe yake.

Mlima nao umefungwa mara nyingi. Toka mwaka 2017 mapigano katika nyanda za juu yamechoma vijiji vya watu wa makabila yote, yameteka ng'ombe na kuwafanya jirani waogopane njiani. Gunia la maharagi halishuki, ndagala hawapandi. Wale wanaohesabu hasara za vita huhesabu wafu na nyumba, nao wana haki. Sisi tunaomba waihesabu pia jioni ile ambayo mtoto wa mlima amekula viazi vitupu bila chumvi, na mtoto wa ziwa amekosa maharagi, kwa sababu njia iliyo kati yao haipitiki.

Tumebaki na bonde, na hapo kila mtu ana neno la kufanya bila kungoja serikali. Lowesheni muhogo siku zake zote, hata kama njaa inahimiza. Pandeni karanga na maharagi kando ya muhogo. Pandeni na miti ya kuni, kwani vilima vya juu ya mji vimeanza kuwa uchi, na sombe isiyo na kuni za kutosha ni sombe isiyoiva. Nanyi wanafunzi, wavulana pamoja na wasichana, mkirudi likizo kaeni kando ya kinu mkaangalie. Elimu ya kuondoa sumu katika chakula iligunduliwa na mababu wasiojua kusoma, nayo yaweza kupotea katika kizazi kimoja kilichosoma sana.

Msafiri atakayefika Baraka mwezi wa Julai asitafute hoteli kubwa ili aonje utamu wa nchi. Na aende ufukweni alfajiri aone ndagala wakitandazwa, apite sokoni aulize kama maharagi ya mlimani yameshuka, kisha ajibu karibu ya wenyeji atakayoisikia mlangoni. Akikuta katika chungu kimoja majani ya bonde, samaki wa ziwa, na pembeni sahani ya maharagi ya mlimani, na ajue kwamba siku ile kuna amani katika nchi ya Fizi. Hakuna habari njema kuliko hiyo, nayo huliwa ingali moto.